Majina Yaliyobaki Kwenye Rekodi

Hata baada ya kustaafu waliendelea kumwita Matroni. Muuza mboga alimwita Matroni, majirani walimwita Matroni, na mdogo wake wa mwisho, ambaye alipaswa kumwita dada tu, akitaka kumtania alimwita Dada Matroni. Alikuwa mkunga wa hospitali tangu usichana wake mpaka nywele zikageuka mvi, na alibaki na ule mwendo wa mtu aliyezoea kuitwa kwa haraka. Hata akienda dukani kununua sabuni, ungedhani kuna mtu huko ameshikwa na uchungu.

Kustaafu hakukumkalia vizuri. Asubuhi aliamka, akaoga, akavaa, kisha akakaa kitandani akijiuliza amevaa aende wapi. Wakunga wapya walikuwa bado wanampigia simu kumwuliza hili na lile, na kila alipowajibu alikumbuka kuwa jibu hilo yeye alilipata kwa kukosea, na pengine kuna mama aliyeumia kwa kosa hilo. Ikamwuma kufikiri kwamba kila mkunga lazima apitie njia ile ile. Ndipo likamjia wazo la kuwakusanya wenzake wa zamani, wakae, waongee, yeye arekodi, na chuo cha wakunga kipate kitu cha kuwasikilizisha wanafunzi.

Wenzake walikubali, lakini mmoja alitoa sharti. Huyo walimwita Chuma, kwa sababu katika miaka yote ya wodini hakuna aliyewahi kuona chozi lake. Yeye na Matroni walianza kazi pamoja, wakalala zamu pamoja, wakagombana na madaktari pamoja.

"Tukikaa tutasema kweli," Chuma alisema. "Na kweli yetu ina majina ya watu. Jina moja likitoka nje ya chumba hiki, mimi na wewe basi."

Matroni akamwahidi. Alisema atasikiliza kila neno yeye mwenyewe, na kila jina atalitoa kwa mkono wake kabla mtu mwingine hajasikia chochote.

Wakawa wanakutana sebuleni kwake. Mapazia yalishushwa, chai ikawekwa pembeni, kinasa sauti kikakaa juu ya stuli katikati, na feni ya darini, ambayo ilikuwa na kelele kama mashine ya kusaga, ikaachwa izunguke kwa sababu ya joto. Mwanzoni Matroni alijaribu kuzima kinasa sauti kila mazungumzo yalipopoa. Akagundua kuwa akikiwasha tena, wenzake wanakaa wima na kuanza kuongea kama wanahutubia. Basi akakiacha kiende. Walianza asubuhi, wakaendelea mpaka jua linageuka. Walicheka hadi kushika mbavu, na mara nyingine walinyamaza kitambo kirefu, feni ikaongea peke yake. Kila kikao kikawa faili moja refu lisilo na mwisho.

Kompyuta yake ilikuwa ile iliyokaa mapokezi hospitalini, waliyompa siku ya kumuaga. Ilifaa kwa barua na picha za wajukuu wa watu. Siku alipojaribu kufungua rekodi ya kikao cha kwanza, kile kiduara cha kungoja kilianza kuzunguka. Matroni alikwenda kuchemsha maji, akaosha vikombe, akarudi akakikuta bado kinazunguka. Akajaribu kukisogeza kipanya, hakisogei. Mwishowe skrini ikawa nyeusi, na mashine ikaanza kujiwasha upya kama mtu aliyezimia. Alijaribu tena kesho yake, ikawa yale yale. Akampigia Kitinda.

Kitinda ndiye huyo mdogo wake. Alikuwa kitinda mimba wa mama yao, na mama alifariki mtoto hajaanza hata kutambaa. Matroni ndiyo kwanza ameajiriwa. Alimbeba mgongoni, akamlea, akamsomesha. Alikuwa na mchumba wakati huo, mtu mzuri tu, aliyengoja na kungoja, akachoka, akaoa kwingine. Matroni hakuwahi kulisema hilo mbele ya Kitinda. Watu walipouliza ana watoto wangapi, alijibu kwa urahisi kuwa anaye mmoja, wa kiume.

Sasa mtoto huyo alikuwa na ndevu, na kazi yake ilikuwa kompyuta. Leo alikuwa na kazi, kesho hana. Alikuja, akaitazama mashine, akacheka.

"Dada, umeiambia imeze gunia zima kwa mkupuo. Tumbo lake dogo. Hii tutailisha kwa kijiko."

Akamweleza kwamba programu za kawaida zinataka kuiweka rekodi yote kwenye kumbukumbu ya kompyuta kwa wakati mmoja, na kumbukumbu ya mashine ile haitoshi hata robo ya kikao. Ikijaa, kompyuta inaanza kuomba nafasi kwenye diski, na diski ni nzito, ndiyo maana inajikokota mpaka inakata roho. Yeye atamtengenezea programu ndogo inayochukua kipande kifupi tu kutoka kwenye faili, inakisafisha, inakiandika kwenye faili jipya, inakisahau kabisa, ndipo inachukua kingine. Rekodi ikiwa ndefu namna gani, mashine haitajua. Itaona kijiko kimoja tu.

Kazi ilikuwa na mitego yake. Jaribio la kwanza lilitoa sauti iliyokuwa inapwaya, kwa sababu kila kipande kilipimiwa kelele zake chenyewe, feni ikawa inazama na kuibuka. Kitinda akarekebisha: programu ipite kwanza rekodi nzima, kipande kwa kipande, ipime feni tu, kisha irudi mwanzo ikisafisha kwa kipimo hicho kimoja. Halafu kukawa na mlio mdogo kila vipande viwili vilipokutana, kama punje ya mchanga kwenye wali. Akaviunganisha kwa kuvilalisha kidogo kimoja juu ya mwenzake, cha kwanza kikififia huku cha pili kikipanda, na ule mlio ukapotea. Matroni aliyafuata yote hayo kwa furaha. Alipenda kumwona mdogo wake akiwa ameinama mbele ya skrini, ulimi ukichungulia pembeni ya mdomo kama alivyokuwa akifanya alipojifunza kuandika.

Siku moja Kitinda alisema mashine ile inamchelewesha, bora aende na rekodi zenyewe akazijaribu kwake. Matroni alisita kidogo. Alimkumbusha kuwa majina bado yamo. Kitinda akasema, kwa sauti ya mtu aliyedharauliwa kidogo, "Mimi tena, dada?" Naye akaona aibu. Akampa flashi.

Programu ilipokamilika, Matroni alifanya sehemu yake. Alivaa vipokea sauti masikioni, akasikiliza kila kikao tangu mwanzo mpaka mwisho, na kila jina lilipotajwa akaandika dakika yake, programu ikaliziba kwa ukimya mfupi. Alifanya hivyo kwa uangalifu uleule aliokuwa akihesabia pamba baada ya upasuaji. Alipomaliza aliwapelekea wakunga wasikilize kwanza. Wakaridhika, hata Chuma. Ndipo rekodi zikaenda chuoni.

Kipindi hichohicho Kitinda alipata kazi ya kudumu kwenye kampuni ya mambo ya sauti, na kilichompa kazi kilikuwa programu ile ile. Mtaa mzima ulijua. Matroni alimweleza muuza mboga, akamweleza fundi viatu, akawaeleza na wale ambao hawakuuliza. Kitinda alipokuja kumshukuru alimletea vipokea sauti vipya, laini kama mto.

Haukupita muda Chuma akaja. Alikuja mchana, bila kupiga simu, na hakuketi. Alitoa simu yake, akaiweka mezani, akabonyeza.

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, safi, haina feni. Alikuwa anasimulia habari ya msichana aliyejifungua kwa siri, na jinsi dada yake, ambaye hakujaliwa mtoto, alivyokuja wodini na kutoka amembeba yule kichanga kama wake. Ilikuwa habari nzuri, ya huruma, na Chuma aliisimulia kuwafundisha wenzake namna mkunga anavyoweza kunyamaza. Ila jina la msichana lilikuwamo, na la dada mtu, na mtaa. Chuma akaizima hapohapo.

"Inazunguka kwenye simu za watu," alisema. "Mtoto mwenyewe ameisikia. Ni mtu mzima sasa."

Matroni alimjua yule msichana. Sasa alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda chake karibu na kituo cha afya, na kila mtu alijua kuwa yule binti mrefu anayempitia jioni ni mtoto wa dada yake.

Wazo la kwanza lililomjia ni viungo vya vile vipande. Jina limeangukia pale vipande viwili vinapokutana, nusu huku nusu kule, ukimya haukulifunika. Akamwambia Chuma kosa ni lake, yeye ndiye aliyesafisha, yeye ndiye aliyeahidi. Aliomba radhi akiwa amesimama kama mwanafunzi. Chuma akasema kosa hilo limekwisha kuingia nyumbani kwa watu, akachukua simu yake, akaondoka.

Kitinda alipopigiwa alifika mara moja. Aliketi kando yake, wakaanza kupitia viungo vyote vya kikao kile, kimoja baada ya kingine. Matroni alikuwa analia bila sauti, machozi yanadondokea kwenye kibodi, na Kitinda akamshika bega akamwambia asijitese, mashine ni mashine. Mara kwa mara alisimamisha rekodi na kusema labda hapa, akairudisha nyuma, wakasikiliza, hapana. Walifika mwisho. Jina halikuwamo. Pale lilipokuwa palikuwa na ukimya, safi, kama alivyouweka. Kitinda akasema pengine kuna nakala ya mwanzo iliyokwenda chuoni kwa bahati mbaya, na kwamba atarudi kesho waendelee kutafuta.

Kesho yake asubuhi Matroni alimwomba jirani amsikilizishe ile sauti kwenye simu yake, yote, tangu mwanzo. Jirani alikuwa nayo, na aliitoa kwa haya. Chuma alikuwa amemsikilizisha kipande cha mwisho tu. Mwanzoni palikuwa na maneno yaleyale, ila na feni, feni yake ya darini, inanguruma kama mashine ya kusaga. Kisha sauti ya mwanamume asiyemjua ikasema: sasa sikiliza baada ya kusafishwa. Ndipo Chuma akaanza tena, bila feni. Mwishoni lilitajwa jina la kampuni ya Kitinda.

Alimshukuru jirani, akarudi ndani, akaketi. Chuo hakikuwahi kupata feni ile. Hakuna nakala yoyote iliyotoka kwake ikiwa nayo, isipokuwa flashi moja.

Kitinda alikuja kama alivyosema, amebeba na mkate. Aliburuta kiti, akaanza kuwasha kompyuta. Matroni akamwambia aiache.

"Kitinda, nimeisikia yote. Na feni nimeisikia."

Kitinda akauondoa mkono kwenye kompyuta. Halafu akaanza kueleza akitazama meza. Kwenye usaili walitaka kuona programu ikifanya kazi kwenye rekodi ndefu, chafu, na yeye hakuwa na nyingine. Wakapenda. Baadaye wakataka mfano wa kuwaonyesha wateja mtandaoni, akawakatia kipande kile kwa sababu hapo feni ilikuwa mbaya kuliko kwingine. Walikwisha kukiondoa, alisema, tangu watu walipoanza kulalamika, lakini kilikuwa kimeshachukuliwa.

"Mimi nilikuwa nasikiliza feni, dada. Maneno sikuyasikiliza. Wallahi sikuyasikiliza."

Matroni alimwamini. Hilo ndilo lililomshangaza baadaye, kwamba hapo alimwamini kabisa, na kama angeishia hapo pengine angemkumbatia.

"Na jana?" aliuliza. "Jana ulikuwa unasikiliza nini?"

Kitinda aliusogeza mkate pembeni ya meza.

"Nimelia hapa. Ukanishika bega. Ukaniambia labda hapa, labda pale."

"Niliogopa."

Matroni alimwambia wataondoka wote wawili sasa hivi, waende kwa Chuma, waende kwa fundi cherehani, aseme kwa kinywa chake. Kitinda akainua uso kwa mara ya kwanza. Alisema akikiri, habari itawafikia wakubwa wake, na kampuni itamtupia yeye mzigo wote ili ijisafishe. Alimsihi. Chuma amekwisha kuamini kuwa ni kosa la usafishaji, sivyo? Basi liachwe hivyo hivyo.

"Wewe umestaafu, dada. Hakuna wa kukufukuza."

Alilisema kwa upole, kama mtu anayetoa ushauri wa busara. Matroni alimtazama akamwona mtu mzima, mwenye ndevu, aliyevaa shati lililopigwa pasi vizuri, na hakumtambua. Akamwambia aende. Kitinda alipochelewa kuinuka, alikwenda yeye mlangoni, akaufungua, akasimama ameushika. Mkate ulibaki mezani mpaka ukakauka.

Alikwenda kwa fundi cherehani peke yake. Mwanamke yule alikuwa anashona, na hakuinua kichwa. Matroni alimweleza yote: vikao, ahadi, flashi, kampuni. Hakumficha Kitinda na hakujificha yeye. Cherehani iliendelea taratibu, kisha ikasimama.

"Siku zote ananiita mama mdogo," mwanamke alisema. "Juzi alikuja akasimama hapo mlangoni, hakuniita chochote."

Mwanamke akakata uzi kwa meno.

"Huyo aliyezitoa ni nani wako?"

"Ni mtoto niliyemlea."

Mwanamke akamtazama kidogo, macho mekundu. Akaweka mguu tena kwenye kikanyagio. "Nenda, Matroni. Nina nguo ya mtu hapa."

Kwa Chuma haikuwa rahisi zaidi. Chuma alimsikiliza barazani mpaka mwisho, akamwambia kuwa kosa la mashine angeweza kulisamehe, maana wote wamefanya kazi na mashine mbovu. Ila flashi ilitoka mkononi mwa mtu. Hakupandisha sauti. Aliingia ndani, akarudi na kikombe cha chai, akampa. Matroni akanywa peke yake, Chuma akiwa amesimama, kisha wakaagana. Hawakukutana tena kwa vikao. Wakunga wengine, mmoja mmoja, waliomba rekodi zitolewe chuoni, na chuo kikazitoa. Matroni alimpelekea kila mmoja sauti yake nyumbani, kisha akafuta zilizobaki, na alipomaliza aliona sebule yake imekuwa kubwa mno.

Halafu siku moja yule binti mrefu alikuja kugonga. Hakuja kwa shari. Alisema amesikia kuwa kile kipande kimekatwa kwenye maongezi marefu, na alitaka kusikia mengine: alizaliwa mchana au usiku, saa ngapi, kama mama aliyemzaa alilia, kama alimpakata kwanza. Matroni akamwambia ukweli, kwamba amefuta. Alijua mahali nakala nyingine ilipo, na kwa dakika hiyo alijiona ananyanyua simu na kumwomba Kitinda. Badala yake akamwelekeza binti nyumba ya Chuma. "Yeye ndiye aliyekupokea," alimwambia. "Muulize yeye, atakalotaka kukwambia atakwambia."

Baadaye Matroni alikuja kusikia kwamba Chuma alimkaribisha, wakakaa kutoka asubuhi mpaka alasiri, na binti alipotoka alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha cherehani. Walichosema huko hakuna anayekijua. Matroni alifurahi aliposikia, kisha akaumia kwamba amesikia habari hiyo kwa muuza mboga, wakati zamani Chuma angempigia kabla hata chai haijapoa.

Kitinda hakupoteza kazi. Alikaa miezi kadhaa bila kuja, akituma salamu kwa simu, na dada yake akizijibu kwa adabu. Siku aliyokuja alikuta chakula, akapakuliwa, akala. Waliongea juu ya bomba lililopasuka mtaani na bei ya mchele. Alitaka kusema jambo, Matroni akaona anavyolitafuna pamoja na tonge, lakini hakulitoa, naye hakumsaidia kulitoa. Alipomaliza kunawa alitazama kona ile ya sebule, akauliza kama kompyuta bado inamsumbua, ampitie siku moja aitazame.

"Nimeshaitoa," Matroni alisema.

"Umempa nani?"

"Mtu," alijibu, akakusanya vyombo. Tangu amlee hakuwahi kumficha hata jambo dogo namna hiyo, na alipofika jikoni alisimama kitambo mbele ya bomba kabla ya kulifungua.